Kutoka Ripoti ya CAG Hadi Mkutano wa Kijiji: Namna ya Kufuata Hoja Moja ya Ukaguzi Mpaka Ipate Jibu

Kila mwaka nchini Tanzania, mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye wengi tunamwita CAG, humkabidhi Rais ripoti zake. Zikishawasilishwa bungeni mwezi Aprili, nchi nzima huzungumza mabilioni. Magazeti huchapa vichwa vikubwa, makundi ya WhatsApp hujaa picha za kurasa zilizozungushiwa wino mwekundu, na kufikia katikati ya Juni mazungumzo huwa yamehamia kwenye usajili wa Simba na Yanga. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kubaki na ripoti baada ya kelele kuisha, awe mwananchi wa kawaida, mwandishi wa habari wa wilayani, diwani mpya au mjumbe wa kamati ya shule. Njia inayoelezwa hapa ni nyembamba kwa makusudi: unachukua hoja moja ya ukaguzi inayohusu mahali unapoishi, na unaifuata mpaka ipate jibu lenye karatasi.

Hatua ya 1: Pata ripoti yenyewe, ya mwaka sahihi

Usianze na gazeti, wala na picha ya ukurasa mmoja uliyotumiwa na rafiki. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi huweka ripoti kuu kwenye tovuti yake, nao.go.tz, na kuzipakua hakulipiwi. Ripoti hizo ni kadhaa: kuna ya Serikali Kuu, ya Serikali za Mitaa, ya Mashirika ya Umma, ya Miradi ya Maendeleo na ya mifumo ya TEHAMA, na kuna ripoti za ukaguzi wa ufanisi, ambazo huchunguza kama kazi fulani ya Serikali inaleta matokeo yaliyokusudiwa. Ikiwa kinachokusumbua ni zahanati, shule ya msingi, soko, stendi au mikopo ya vikundi, ripoti yako ni ile ya Serikali za Mitaa, inayohusu mamlaka 184. Ikiwa ni bandari, reli au umeme, tafuta ile ya Mashirika ya Umma.

Ripoti ya Serikali za Mitaa ina mamia ya kurasa, na wasomaji wengi huanza ukurasa wa kwanza wakachoka kabla ya kufika kwenye jina la wilaya yao. Fungua faili, tumia sehemu ya kutafuta, andika jina la halmashauri yako, kisha pitia kila mahali linapotokea. Usiache viambatisho. Ndani ya sura utaona maelezo kwamba halmashauri kadhaa zilifanya malipo yasiyo na nyaraka; majina ya halmashauri hizo, pamoja na kiasi cha kila moja, mara nyingi yamo kwenye jedwali la mwishoni. Angalia pia usichanganye majirani wenye jina moja. Moshi ina Halmashauri ya Wilaya na ina Manispaa, na hoja ya mmoja haimhusu mwenzake.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Ripoti ya mwaka 2022/23 ilitoka hadharani Aprili 2024, maana yake ni kwamba fedha iliyolipwa Julai 2022 ilikuwa imeshatimiza miezi 21 ulipoisoma habari yake. Katika muda huo mkurugenzi huenda amehamishwa, mweka hazina amestaafu, na ukuta uliopasuka umeshapakwa rangi. Kwa hiyo, juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako, andika mwaka wa fedha, jina la ripoti, namba ya ukurasa na namba ya aya. Bila vitu hivyo vinne, mtumishi yeyote wa halmashauri anaweza kukuzungusha asubuhi nzima.

Huenda ukaambiwa kwamba ripoti ya CAG ni siri ya Serikali. Jibu kwa upole kwamba Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Rais aagize ripoti hiyo iwasilishwe bungeni kabla ya kupita siku saba tangu kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata kianze, na asipofanya hivyo CAG mwenyewe huipeleka kwa Spika. Ikishawekwa mezani bungeni, ni ya wote. Zanzibar ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wake, na mambo ya huko yatafutwe huko. Msomaji wa Kenya ana nafuu zaidi, kwa kuwa Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti ya serikali ya kila kaunti peke yake, na mtu wa Kilifi au Kwale hana haja ya kuchambua jedwali la nchi nzima.

Hatua ya 2: Jifunze lugha ya mkaguzi kabla ya kuitumia

Hapa ndipo watu wengi huteleza, wakiwemo waandishi wa habari wazoefu, na ndiyo maana ninaomba msomaji asiruke sehemu hii.

Neno la kwanza ni hati. Mkaguzi hutoa maoni juu ya taarifa za fedha za taasisi: hati inayoridhisha, ambayo mtaani huitwa hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na hali ya mkaguzi kushindwa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Maoni hayo hujibu swali moja tu, yaani kama hesabu zilizoandikwa zinaonyesha hali halisi ya fedha kwa kufuata kanuni za uhasibu. Hayajibu kama fedha ilitumika kwa busara, wala kama aliyeshinda zabuni ni shemeji wa mtu. Halmashauri inaweza kupata hati inayoridhisha na papo hapo ikawa na hoja ya ushuru ambao haukufika benki, kwa sababu upungufu huo, ukilinganishwa na bajeti nzima, haukutosha kuipotosha picha ya hesabu zake. Mwenyekiti wa halmashauri anaposimama kujisifu kwa hati safi, hasemi uongo. Anajibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Neno la pili ni hoja. Hoja ya ukaguzi ni jambo ambalo mkaguzi ameliona na halijapata maelezo au ushahidi wa kumridhisha. Malipo yasiyo na nyaraka yanaweza kuwa wizi, na yanaweza kuwa uzembe wa karani aliyepoteza jalada. Masurufu, yaani fedha ya kazi au safari inayotolewa mapema, yasiyorejeshwa kwa wakati yanaweza kuwa fedha iliyoliwa, au safari ambayo risiti zake ziko kwenye droo ya mtu. Mkaguzi mwenyewe huchagua maneno kwa uangalifu, na anapoona viashiria vya ubadhirifu, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, kifungu cha 27, inamwekea utaratibu wa kuvijulisha vyombo vya uchunguzi. Ukikuta katika ripoti kwamba jambo limependekezwa lichunguzwe na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, uzito wake si sawa na wa hoja ya daftari lisilosainiwa.

Mfano mkubwa wa ugumu huu ulitokea Aprili 2018. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Mjini, alisoma ripoti ya mwaka 2016/17, akaweka takwimu mbili ubavuni: makusanyo ya takribani shilingi trilioni 25.3 na matumizi ya takribani trilioni 23.8. Kisha akauliza trilioni 1.5 ya katikati iko wapi. Serikali ilijibu bungeni kwamba hakuna fedha iliyopotea, na kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mfumo wa uhasibu unaotambua mapato ambayo bado hayajaingia mkononi. Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya jibu hilo. Ninachotaka akione ni namna swali lilivyojengwa, kwa namba mbili kutoka ripoti ileile na swali fupi, lililoilazimisha wizara nzima kutoa maelezo. Waliochukua swali lilelile wakaligeuza kuwa tamko kwamba trilioni 1.5 imeibwa walijibebesha mzigo wa uthibitisho ambao ripoti haikuwapa.

Hatua ya 3: Chagua hoja ambayo miguu yako inaweza kuifikia

Ukiwa na orodha ya hoja zinazohusu halmashauri yako, usichague yenye fedha nyingi zaidi. Chagua ile ambayo unaweza kwenda kuiona kwa macho, yenye kiasi kilichotajwa, na yenye watu wanaoguswa nayo moja kwa moja. Hoja ya makato ya kodi yaliyokokotolewa vibaya inaweza kuwa ya mamia ya milioni, lakini hakuna atakayekuja mkutanoni kwa ajili yake. Hoja ya wodi ya wazazi isiyokamilika itamleta kila mama.

Aina moja inayofuatilika vizuri ni ya makusanyo. Ripoti huonyesha pengo kati ya kilichokusanywa kwa mashine za POS na kilichowekwa benki, na hutaja pia matumizi ya fedha mbichi, yaani ushuru unaotumika kabla haujapelekwa benki. Hili halihitaji hata uombe nyaraka ili uanze kuliona. Nenda sokoni saa kumi na mbili asubuhi, wakati malori ya nyanya yanashusha, ukae kwa muuza chai, utazame kama kila mzigo unapata karatasi ya mashine au kama mkusanyaji anapokea noti, anaikunja, na kulipungia gari mkono lipite. Fanya hivyo siku tatu tofauti, uandike saa na idadi ya magari, bila kupiga picha nyuso za watu. Ulichokiandika hakithibitishi wizi wa mwaka juzi, lakini kinaonyesha kama tundu alilolitaja mkaguzi limezibwa.

Aina nyingine ni ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo sheria inaitaka halmashauri iigawe kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hoja za vikundi visivyorejesha mikopo na vikundi visivyopatikana zilirudi mwaka hadi mwaka, na Aprili 2023 Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili utaratibu upangwe upya. Ukichagua hoja hii, muulize afisa maendeleo ya jamii orodha ya vikundi vya kata yako, kisha uliza mitaani kama watu wanavifahamu. Tahadhari ni moja: usisambaze majina ya wakopaji. Mama aliyechelewesha rejesho kwa sababu kuku wake walikufa si fisadi.

Hatua ya 4: Uliza kama hoja bado iko hai

Hatua hii nimeiandika kwa sababu niliwahi kuiruka. Mwaka mmoja nilisimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ripoti mkononi, nikasoma hoja ya malipo ya vyoo vya shule yasiyokuwa na nyaraka. Nilisoma vizuri, na watu walipiga makofi. Mtendaji alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili, akatoa barua iliyoonyesha kwamba hati za malipo zilishawasilishwa kwa wakaguzi na hoja ikafungwa miezi kadhaa nyuma. Nilikaa chini. Mwaka uliofuata nilipokuja na hoja nyingine, iliyokuwa hai na nzito, mzee mmoja wa mstari wa mbele aliuliza kama nayo imeshafungwa, na mkutano mzima ukacheka. Ilinichukua muda mrefu kusikilizwa tena.

Hoja hupita katika hali nne: imetekelezwa, utekelezaji unaendelea, haijatekelezwa, au imepitwa na wakati. Pa kwanza pa kuulizia hali hiyo ni kwa diwani wako. Halmashauri huitisha Baraza Maalumu la Madiwani kujadili hoja za CAG, kwa kawaida karibu na mwisho wa mwaka wa fedha, na madiwani hupewa kabrasha lenye kila hoja, majibu ya menejimenti na maoni ya mkaguzi. Kabrasha hilo ni la thamani kuliko ripoti kuu, kwa sababu linataja mradi, kijiji, na mara nyingine namba ya hati ya malipo. Mikutano ya baraza iko wazi kwa wananchi. Nenda ukae viti vya nyuma na daftari lako, usikilize namna afisa masuuli, yaani mkurugenzi, anavyojibu, na uandike ahadi na tarehe aliyoitaja.

Hatua ya 5: Omba nyaraka kwa barua

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi hiyo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kenya ina sheria yake ya mwaka huohuo, yenye siku 21, ikisimama juu ya Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010. Barua yako iwe fupi na iombe vitu vinavyotajika. Ukiandika kwamba unaomba taarifa zote za ujenzi wa shule, utajibiwa kwamba ombi halieleweki. Andika hivi:

"Kwa kuzingatia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ninaomba nakala za hati za malipo, hati za kupokelea vifaa, na taarifa ya kamati ya mapokezi zinazohusu ujenzi wa vyumba viwili vya madarasa katika shule ya msingi ya kijiji chetu kwa mwaka wa fedha 2022/23, mradi uliotajwa katika Ripoti Kuu ya Ukaguzi ya Serikali za Mitaa ya mwaka huo, katika ukurasa niliouambatanisha."

Peleka nakala mbili masjala, moja ibaki, nyingine igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, na uondoke nayo. Muhuri huo ndio unaoanza kuhesabu siku. Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi, na umwombe mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi. Nimeona barua zikijibiwa siku ya 29, na nimeona zikinyamaziwa kabisa; barua iliyonyamaziwa, yenye muhuri, nayo ni karatasi ya kuwekwa mbele ya kamati.

Hatua ya 6: Hesabu kilichopo, mkiwa na fundi

Karatasi zikipatikana, linganisha tatu: kilichopangwa katika mchanganuo wa gharama, kilicholipiwa katika hati za malipo, na kilichopo ardhini. Usiende peke yako. Nenda na wajumbe wa kamati ya shule, na umchukue fundi mwashi au seremala ambaye hakufanya kazi katika mradi huo. Fundi huona asichokiona msomi. Atagonga bati kwa kucha na kukuambia kama ni geji 28 iliyolipiwa au ni geji 30, ambayo ni nyembamba na bei yake ni ya chini. Atatazama nondo zilizochomoza kwenye lenta ambayo haijamalizwa, na kuzipima kama ni milimita 12 au 10. Ukimtajia idadi ya mifuko ya saruji iliyoandikwa kwenye hati ya kupokelea, atahesabu matofali, atatazama sakafu, na atakuambia kama jengo hilo lingeweza kuimeza saruji yote hiyo.

Muulize mtunza stoo leja iko wapi, na uangalie kama tarehe ya kupokea vifaa inatangulia tarehe ya kuvitumia. Katika jengo moja nililotembelea, leja ilionyesha rangi ya dari ikitoka stoo wiki mbili kabla ya bati kufika. Hakuna aliyehitaji mhasibu kuelezwa maana yake.

Kazi hii ina historia njema kwenye pwani yetu. Mombasa, shirika la MUHURI liliendesha ukaguzi wa kijamii wa fedha za maendeleo ya maeneo bunge, maarufu kama CDF, na mwaka 2007 huko Changamwe wakazi walipitia nyaraka za miradi, wakaenda kuikagua mradi mmoja baada ya mwingine, kisha wakasoma walichokikuta mbele ya baraza la hadhara. Mbinu hiyo ilitoka kwa wanakijiji wa Rajasthan nchini India, waliokuwa wakisoma hadharani orodha za malipo ya vibarua wa miradi ya umma. Jina la marehemu likisomwa kati ya waliolipwa, mjane wake yupo pale pale kusikia.

Hatua ya 7: Tumia tafiti, lakini ujue kila moja inapima nini

Utafiti hauwezi kuchukua nafasi ya hoja yako, ila unaweza kuonyesha kama tatizo lako ni la kijiji kimoja au ni la mfumo. Tafiti za mtazamo, kama faharasa ya kila mwaka ya Transparency International au hojaji za Afrobarometer, hupima watu wanaonaje au wamepitia nini. Hazikuambii nani alichukua nini. Usiende nazo kwa mkurugenzi kama ushahidi. Kwa wilaya zenye migodi kuna ripoti za TEITI, zinazolinganisha kile ambacho kampuni za madini, mafuta na gesi zinasema zimelipa na kile ambacho Serikali inasema imepokea. Ndani yake kuna ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo na kwenda halmashauri, na mtu wa Geita au Tarime ana haki ya kuuliza ulivyotumika.

Utafiti uliofunza wengi zaidi ni wa kufuatilia fedha, na mfano wake maarufu ni wa Uganda. Mwaka 1996 watafiti walitembelea shule za msingi zipatazo 250, wakalinganisha ruzuku iliyotoka hazina kati ya 1991 na 1995 na iliyoandikwa kupokelewa katika vitabu vya shule. Kwa wastani ilikuwa imefika asilimia 13 tu. Serikali ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani walichopokea. Miaka michache baadaye tafiti zilionyesha kwamba sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 80, ilikuwa inafika. Wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson waliona kwamba shule zilizokuwa karibu na mahali pa kuuzia magazeti zilinufaika zaidi. Wengine wamehoji, na nadhani wana haki, kwamba gazeti halikufanya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa Serikali ilibadilisha mambo mengine mengi ya elimu wakati huohuo. Hata hivyo, kitendo cha mwalimu mkuu kubandika mlangoni karatasi yenye kiasi alichopokea ni ombi unaloweza kulipeleka kwenye kamati ya shule wiki hii, na halina gharama.

Hatua ya 8: Peleka jambo panapostahili, kwa mpangilio

Anza chini. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni sehemu ya ajenda zake. Mpelekee mwenyekiti swali lako kwa maandishi kabla ya mkutano, ili asiseme amevamiwa. Uliza, usishutumu: fedha hii ilipokelewa lini, ilinunua nini, na vitu hivyo viko wapi. Hakikisha jibu limeandikwa kwenye muhtasari.

Likishindikana hapo, mpe diwani nakala kabla ya baraza maalumu. Juu ya baraza iko Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ambayo huita halmashauri kujieleza na hutembelea miradi. Mwaka 2023 Bunge lilijadili taarifa za kamati zake juu ya ripoti za CAG mwezi Novemba, miezi saba hivi baada ya ripoti kutoka, na muda huo wa katikati ndio wa kuifikishia kamati barua yenye ushahidi wa mahali. Wajumbe wanazo namba. Hawana picha ya darasa lako. Kamati ikisoma kwa makini huwa na meno. Mwaka 2012 mjadala mkali wa bungeni juu ya ripoti ya CAG ulifuatiwa na mabadiliko ya baraza la mawaziri yaliyowaacha nje mawaziri sita. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali ilichambua ukaguzi maalumu wa akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunza fedha za umeme zilizokuwa na mgogoro. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu mwezi uliofuata, waziri mmoja akaondolewa, na mwingine akajiuzulu Januari 2015. Mahakama ilikwenda kwa mwendo wake, na kesi ya jinai ilifunguliwa mwaka 2017.

Kama ulichokikuta kina dalili ya jinai, yaani saini iliyoghushiwa, malipo kwa kampuni isiyokuwepo au rushwa iliyoombwa, usikipeleke kwanza mkutanoni, kwa sababu nyaraka zinaweza kupotea usiku huohuo. Kipeleke TAKUKURU, ofisi ya wilaya au kwa simu ya bure namba 113. Kwa Zanzibar chombo kinachohusika ni ZAECA. Eleza ulichokiona na ulichokisikia kama vitu viwili tofauti. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 humlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, lakini anayeanza kwa kutangaza mtandaoni asihesabu kwamba ulinzi huo unamfunika.

Hilo linanileta kwenye uandishi. Ukichapisha, nukuu ripoti kwa ukurasa, na umpe anayetajwa nafasi ya kujibu kabla, kwa maandishi na kwa siku za kutosha. Andika kwamba ripoti imebaini malipo yasiyo na nyaraka. Usiandike kwamba mweka hazina ameiba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, na kosa la sifuri moja linaweza kukugeuza mshtakiwa katika kesi uliyoianzisha mwenyewe. Majedwali mengi ya CAG yana maneno madogo juu ya safu, "shilingi milioni", na wapo walioyakosa.

Hatua ya 9: Rudi Aprili inayofuata

Ripoti mpya ikitoka, kabla ya kusoma chochote kingine, fungua sehemu inayoeleza utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita, utafute hoja yako. Kama imefungwa, nenda ukaangalie kilichoifunga, kwa kuwa hoja ya wodi isiyokamilika inaweza kufungwa kwa barua ya kuahidi fedha. Kama bado iko wazi, linganisha na ahadi na tarehe ulizoandika siku ya baraza maalumu, kisha andika barua nyingine yenye aya mbili: walichosema mwaka jana, na kilichoandikwa mwaka huu. Ambatanisha nakala ya ile barua ya kwanza, yenye muhuri wa masjala.